Kabla hujashika mkasi: mapambo ya mkono ya harusi, sikukuu na nyumbani

Mtu akinijia na picha kwenye simu, anataka nimwonyeshe pambo fulani linatengenezwaje, huwa namuuliza kwanza: litakaa muda gani? Pambo la harusi huonekana saa sita au nane, kisha kazi yake imekwisha. La sikukuu hutundikwa wiki mbili tatu, likarudi sandukuni, na mwakani linatakiwa litoke likiwa zima. La nyumbani linakula vumbi na jua kila siku, na hakuna anayelionea huruma. Jibu la swali hilo ndilo linaloniambia nichukue karatasi, unga au kitambaa, na ni gundi ipi inafaa. Rangi na mtindo tutaviongea baadaye.

Vifaa si vingi. Mkasi wa karatasi na mkasi wa kitambaa, kila mmoja na kazi yake, kwa sababu karatasi hufanya mkasi wa kitambaa kuwa butu. Wa kitambaa nimeufunga uzi mwekundu kwenye mpini, na kila mtu nyumbani anajua maana yake: ukitaka kufungua mfuko wa plastiki, tafuta kisu. Ongeza rula ya chuma, penseli, koleo dogo la kukatia waya, gundi nyeupe, bunduki ya gundi ya moto na kadibodi za masanduku ya zamani kwa ajili ya violezo. Glita simo. Humetameta siku moja, kisha mwaka mzima unaikuta kwenye mto wa kitanda.

Harusi: maua ya krepu

Nitakaa hapa zaidi, maana ua la krepu ndilo linalompa mtu jina. Pia ndilo linalowatesa wengi, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: karatasi imekatwa kwa mwelekeo usio wake.

Karatasi ya krepu ina makunyanzi madogo yaliyolala upande mmoja. Chukua kipande, kishike kwa mikono miwili ukivute. Ukivuta kufuata makunyanzi, hakitoi kitu. Ukivuta kuyakata makunyanzi, kinanyumbuka. Basi petali ikatwe makunyanzi yakiwa yamesimama, yaani yanatoka chini ya petali kwenda juu kwenye ncha. Hapo utaweza kuitanua katikati ikatoka tumbo, na ua likaonekana limejaa. Ukiikata makunyanzi yakiwa yamelala, itabaki bapa hata uifanye nini, na ukilazimisha itachanika mikononi.

Krepu zenyewe si sawa. Ile nyembamba ya kufungia zawadi na kupambia kumbi ni rahisi kupatikana, ila hainyumbuki sana na huchoka ukiishika mara nyingi. Krepu nene ya maua, ile ya gramu 180 kwa mita ya mraba, hunyumbuka zaidi ya mara mbili ya upana wake na hushika umbo unaloipa. Kama unatengeneza maua machache ya kushikwa na bibi harusi, tafuta nene. Kwa maua ya kupamba ukuta, yatakayotazamwa kutoka mbali, nyembamba inatosha.

Tutengeneze waridi. Kata violezo vitatu vya kadibodi: kidogo chenye umbo la tone, upana sentimita 4 na urefu 6, cha kati chenye umbo la moyo, sentimita 6 kwa 6, na kikubwa chenye umbo hilohilo la moyo, sentimita 7 kwa 7. Ua moja linahitaji petali ndogo 3, za kati 5 na kubwa 7. Ili usikate moja moja, kata ukanda wa krepu wenye urefu wa kiolezo, ukunje mbele na nyuma kama feni, weka kiolezo juu na ukate tabaka tano au sita kwa pamoja. Kagua makunyanzi yamesimama kwenye tabaka zote kabla ya kukata. Ukizidisha tabaka, zile za chini zitateleza na kutoka zimepinda.

Kiini ni kidonge cha karatasi kilichofinyangwa, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Chukua waya wenye unene wa milimita 1 na urefu wa sentimita 30, pinda ncha yake iwe ndoano, ishindilie ndoano ndani ya kidonge, kisha funika kidonge kwa kipande cha krepu na ukifunge kwa uzi shingoni. Ile ndoano usiiruke. Bila hiyo, ua zima litazunguka juu ya waya kila mtu akiligusa, na mwishowe litachomoka.

Sasa umbo. Shika petali kwa vidole vya mikono yote miwili, vidole gumba vikikutana katikati yake. Sukuma vidole gumba mbele huku ukivuta pembeni taratibu. Karatasi itafunguka chini ya vidole, utaona makunyanzi ya katikati yakipotea na yale ya ukingoni yakibaki. Acha hapo. Ukiendelea mpaka ukingoni, petali italegea yote na haitasimama. Kwa petali kubwa, ukimaliza kutoa tumbo, zungushia kingo za juu kwenye penseli zipinde kwa nje. Petali ndogo zisipindwe; zile ndizo zilizofumba.

Kwenye kubandika, gundi nyeupe ipakwe sentimita moja ya chini tu ya petali. Petali tatu ndogo zikumbatie kiini kabisa kisionekane. Za kati tano zifuate, kila moja ianzie katikati ya iliyotangulia, tumbo likitokeza nje na shimo lake likitazama kiini. Hizo kubwa ziachie nafasi kidogo na uzishushe kama milimita tatu chini ya zile za kati, ndipo ua litaonekana linafunguka. Kila mzunguko ukikamilika, ligeuze ua kichwa chini, libane shingo kwa vidole na uhesabu mpaka thelathini. Gundi nyeupe haitaki haraka.

Umalizie kwa utepe wa kijani wa maua. Huu utepe wageni wa kazi huulalamikia kwamba haunati. Haunati mpaka uvutwe: una nta ndani yake, na nta hiyo hutokeza ukiuvuta. Anzia shingoni, uvute kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha waya, uteremke kwa mshazari hadi chini. Ukifika katikati ingiza jani moja au mawili ya krepu ya kijani, uendelee.

Krepu nyingi hutoa rangi zikilowa. Ua jekundu likiwekwa karibu na glasi yenye umande juu ya kitambaa cheupe, kitambaa kitaharibika. Kwa meza za chakula napendelea rangi hafifu, au maua yakae juu ya kisahani.

Tena piga hesabu ya muda kabla hujaahidi mtu. Mkono uliozoea hutoa waridi moja kwa dakika 15 hadi 20. Meza 10, kila meza maua 5, ni maua 50. Kwa dakika 20 kila moja hiyo ni karibu saa 17 za kazi. Ndiyo maana sitengenezi ua moja moja hadi mwisho. Siku ya kwanza ni kukata tu, ya pili ni kutoa matumbo, ya tatu viini na waya, kisha kubandika. Kukata na kutoa matumbo unaweza kuwapa hata watu wasiojua lolote, mkikaa na kuongea. Kubandika baki nako mwenyewe au na mmoja unayemwamini, la sivyo kila meza itakuwa na waridi la kabila lake.

Mipira ya karatasi laini

Kama saa 17 huna, tengeneza mipira ya kuning'iniza. Inajaza ukumbi haraka kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Chukua karatasi laini za kufungia zawadi, za sentimita 50 kwa 70, zipange 8 hadi 10 zilaliane sawasawa. Anzia ukingo mfupi, kunja mbele na nyuma mikunjo ya sentimita 4 hadi ziishe. Utabaki na fimbo yenye urefu wa sentimita 50. Ifunge katikati kwa waya mwembamba, usikaze hadi ukaumiza karatasi, na uache kitanzi cha kutundikia. Kata ncha zote mbili: za mviringo zitatoa mpira laini, zenye ncha kali zitatoa mpira wenye miba. Kisha inua tabaka moja moja kuelekea juu, ukianza na ya juu kabisa, ukishika karibu na katikati na si kwenye ncha. Nusu ya tabaka ziende juu, nusu chini. Hapo usiwe na pupa, karatasi hii huchanika kwa pumzi.

Ukitaka mipira midogo, kata karatasi katikati upate sentimita 35 kwa 50, na mikunjo iwe ya sentimita 3.

Wengi hufungua mipira nyumbani kisha wanashangaa gari halitoshi. Isafirishe ikiwa bado fimbo, imefungwa na kukatwa ncha, ndani ya boksi bapa. Ifungulie ukumbini. Mpira mmoja ni dakika tano, na ukishafunguliwa haurudi tena kuwa fimbo. Ining'inize kwa urefu tofauti, kwa mafungu ya idadi isiyogawanyika kwa mbili, na mbali kabisa na taa zinazotoa joto na mishumaa.

Maneno machache kuhusu gundi na utepe

Gundi nyeupe ina maji, kwa hiyo hukunja karatasi nyembamba. Paka kidogo kwa ncha ya kijiti. Ikikauka haionekani, nayo haijali joto la kawaida. Gundi ya moto hushika papo hapo, lakini ni plastiki iliyoyeyushwa, na kilichoyeyushwa kwa joto huyeyuka tena kwa joto. Mapambo yaliyobandikwa kwa gundi ya moto ukiyaacha ndani ya gari lililofungwa juani, utakuta maua yamelala chini na vijiti vitupu. Kwa kazi itakayokaa nje mchana, mimi huongeza kufunga kwa waya au uzi, gundi iwe msaidizi tu. Zile nyuzi kama za buibui zinazoachwa na gundi ya moto, zipulizie hewa moto ya mashine ya kukausha nywele zitajikunja na kutoka.

Utepe wa satini ukikatwa huanza kuchanguka. Ukiwa wa poliesta, pitisha ncha kando ya mwali wa mshumaa, bila kuugusa, nyuzi zitayeyuka na kushikana. Ukiwa wa pamba usithubutu, utawaka. Huo ukate mshazari au umbo la V, upake gundi nyeupe kiasi kidogo sana ukingoni.

Sikukuu: unga na chumvi

Pambo la sikukuu lazima livumilie sanduku. Ndiyo sababu ya kupenda donge la chumvi, ambalo pia watoto wanaweza kulifanya tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa sehemu ya oveni.

Kipimo ni rahisi kukumbuka: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji yasiyozidi kikombe 1. Changanya unga na chumvi kwanza, kisha ongeza maji kidogo kidogo, pengine hutayamaliza. Kanda dakika kumi. Donge likiwa tayari halinati mikononi na halipasuki ukilibonyeza. Likipasuka ongeza matone ya maji, likinata ongeza unga.

Sukuma hadi unene wa milimita 5 au 6. Ukipita hapo, ndani halitakauka sawasawa. Kata maumbo kwa mdomo wa kikombe, kwa vikatio vya biskuti au kwa kisu na kiolezo. Toboa tundu la uzi kwa mrija wa kunywea, tena uliweke angalau nusu sentimita kutoka ukingoni. Ukitaka nakshi, bonyeza jani lenye mishipa mizito juu ya donge kwa mgongo wa kijiko, kisha libandue taratibu. Mishipa yote itabaki imechorwa. Ukilipaka rangi baadaye ukaifuta juu kwa kitambaa chenye unyevu, rangi itabaki mishipani peke yake. Hilo ndilo pambo langu la chumvi ninalolipenda kuliko nyota na mioyo yote.

Oka kwa moto mdogo, nyuzijoto 100 hadi 120 za Selsiasi, saa mbili hadi tatu, ukiligeuza katikati ya safari. Moto ukizidi, litavimba na kutoka malengelenge, maana maji yaliyomo hugeuka mvuke kabla ya kupata njia. Huna oveni? Laza kwenye wavu penye hewa, ugeuze kila siku. Siku tatu au nne zinatosha hali ya hewa ikiwa kavu.

Yaache yapoe kabisa, paka rangi ya akriliki, ikikauka paka vanishi mara mbili. Usisahau mgongo na ndani ya tundu. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na sehemu yoyote iliyoachwa wazi ndiyo mlango. Pambo lisilozibwa vizuri hutoka sandukuni mwaka unaofuata likiwa laini na limejaa alama za uzi. Sikukuu ikiisha, lifunge kila moja kwa karatasi kavu na uweke ndani ya kopo lenye kifuniko. Tupia humo vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Mwenye mbwa nyumbani atundike juu. Chumvi iliyomo ni nyingi kiasi cha kumdhuru mbwa akila, na harufu ya unga humvutia.

Kwa ukuta, vibendera vya kitambaa ndivyo vinavyodumu. Pembetatu zenye kitako cha sentimita 15 na urefu wa 18, ukiongeza sentimita 2 juu za kukunjia kamba. Kila kibendera na nafasi ya sentimita 5 pembeni yake huchukua sentimita 20, hivyo mita moja inahitaji vitano. Kata kwa mkasi wa meno, ule unaokata zigizagi, ili kingo zisichanguke, na hutahitaji kupinda. Acha nusu mita ya kamba tupu kila upande wa kufungia. Ukikunja kuhifadhi, zungushia kamba kwenye kipande cha kadibodi. Ukiitupa tu ndani ya boksi, mwakani utapoteza asubuhi nzima ukifungua mafundo.

Nyumbani

Hapa karatasi haina maisha marefu. Jua la dirishani hupausha rangi zake, na vumbi likishaingia kwenye petali za krepu hakuna ufagio wala maji yatakayolitoa. Kwa nyumba yangu naenda kwenye glasi na kitambaa.

Chupa za jamu zinafaa taa. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu ubandue lebo, na gundi ikibaki isugue kwa mafuta ya kupikia, iache dakika kumi, kisha osha kwa sabuni. Hapa mafuta yakibaki, hakuna kitakachonata, basi osha mara mbili. Changanya gundi nyeupe sehemu 2 na maji sehemu 1. Karatasi laini ichane kwa mkono badala ya kuikata, kwa kuwa kingo zilizochanika huyeyukiana na kingo zilizokatwa huonyesha mistari mwanga ukiwaka. Bandika upande wa nje pekee, uishie sentimita 2 chini ya mdomo, upake tabaka moja ya ile gundi juu ya kazi yote. Ndani weka taa ndogo ya betri. Mshumaa mfupi pia unawezekana juu ya kitako cha mchanga, bila kifuniko, ukiwa wewe umo chumbani, ukitoka, uzime.

Taji la mlangoni la vitambaa nalo ni kazi ya jioni kadhaa mbele ya redio. Pinda waya mgumu uwe duara lenye kipenyo cha sentimita 30. Kata nguo za pamba zilizochoka vipande vya sentimita 2.5 kwa 15, na kila kipande ukifunge fundo moja kwenye waya, ukivisukuma vibanane. Duara hilo lina mzunguko wa sentimita 94 hivi, na fundo lililokazwa hula karibu nusu sentimita, kwa hiyo andaa vipande 180 hadi 190. Idadi hiyo huwatisha watu, lakini shati moja kuukuu la mtu mzima hutoa vipande vingi kuliko unavyodhani.

Rangi tatu zinatosha: moja ichukue zaidi ya nusu, ya pili iifuate, ya tatu itokeze hapa na pale. Usipange moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Changanya vipande vyote kwenye kapu na uchukue bila kutazama, ukirekebisha tu pale rangi moja inapojikusanya. Likishajaa, punguza kwa mkasi ncha zilizozidi sana, zisilingane kabisa. Likipata vumbi lipige nje mara chache kwenye ukingo wa baraza, na likichafuka kweli lifue ndani ya beseni kwa maji baridi ya sabuni, ulikamue kwa taulo na ulilaze bapa kivulini. Ila kwa kulifua hivyo waya uwe ule usioshika kutu, jambo la kuangalia siku ya kuununua.